Mumiani Aliyependa: Twilight, Morotonga na Historia ya Wanyonya Damu Wetu

Mzee aliyekaa benchi la mbele ndiye aliyeiharibu sinema. Au ndiye aliyeitengeneza, mpaka leo sina hakika. Ilikuwa Morotonga, pale jirani na Mugumu, ndani ya kibanda umiza cha mabati kilichokuwa kinaendeshwa kwa jenereta. Mwaka ulikuwa 2010, nakumbuka kwa sababu tulikuwa tumelipa kiingilio kwa ajili ya mechi ya Kombe la Dunia na mwenye banda alikuwa anatuwekea muvi za kupotezea muda. Kwenye kioo, kijana mweupe kama chokaa alikuwa amesimama msituni nyuma ya msichana. Msichana anapumua kwa shida. Anamwambia kijana kwamba ameshamjua yeye ni kitu gani. Ile kanda ilikuwa ya kutafsiriwa, na mtafsiri, sauti yake ikiwa juu ya sauti za waigizaji wote, wanawake kwa wanaume, alifika kwenye lile neno akasita kidogo tu, halafu akalitamka: "Wewe ni mumiani."

Mzee akageuka nyuma, akatutazama sisi vijana kama vile tumemkosea adabu. "Sasa kama anajua huyu ni mumiani," akasema, "mbona hapigi yowe?"

Banda zima likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikampiga binamu yangu begani, naye alikuwa amekasirika maana alikuwa anataka kusikiliza mapenzi. Nilikuwa kijana, nimesoma kidogo, na najua tofauti ya Hollywood na kijijini. Kwangu lile swali lilikuwa ushamba mtupu. Ilinichukua miaka saba kuelewa kwamba mzee alikuwa ameuliza swali la historia, tena swali zito kuliko yote niliyokuwa nimeulizwa darasani.

Kwa wale ambao hawajaiona, niseme haraka. Twilight ilitoka mwaka 2008, ikiongozwa na Catherine Hardwicke, kutoka kwenye riwaya ya Stephenie Meyer ya mwaka 2005. Bella anahamia mji mdogo wa mvua unaoitwa Forks, jimbo la Washington, Marekani. Anampenda Edward, ambaye ni mnyonya damu mwenye umri wa zaidi ya miaka 100 lakini sura ya kijana wa sekondari. Edward na familia yake wameapa kunywa damu ya wanyama tu. Pembeni yupo Jacob, kijana wa kabila la Waquileute, ambaye katika sinema zinazofuata anageuka mbwa mwitu. Zilitoka sinema 5, ya mwisho mwaka 2012. Ya kwanza iligharimu dola milioni 37 hivi na ikaingiza karibu milioni 400. Wahakiki wengi waliicheka. Wasichana wa dunia nzima waliililia, akiwemo binamu yangu.

Sasa turudi kwenye lile neno.

Yule mtafsiri sikumjua jina, na kanda zenyewe zilikuwa zinanakiliwa hovyo. Lakini kazi yake ina ukoo. Utamaduni wa mtu kukaa na maiki na kuisimulia sinema ya kigeni kwa lugha ya nyumbani ulishika sana Uganda, ukaja kwetu, na hapa Tanzania jina kubwa lilikuwa la Derek Mukandala, ambaye watu walimjua kama Lufufu. Hawa jamaa hawakuwa wanatafsiri kama kamusi. Walikuwa wanaongeza, wanapunguza, wanaonya, wanatania, wanamwambia adui "leo umekwisha". Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings aliyewafuatilia aliifananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Kwa hiyo yule wetu alipochagua "mumiani" badala ya kuliacha neno la Kiingereza lipite, alikuwa anatia viungo. Ila kile kiungo kilikuwa na historia ya ajabu, na sidhani kama mwenyewe aliijua yote.

Neno mumiani limesafiri. Asili yake ni Kiajemi, na ndani yake mna neno la nta. Lilikuwa ni jina la dawa, kitu cheusi kama lami kinachotoka kwenye miamba, kilichotumika kuunga mifupa na kutuliza maumivu. Waarabu wakalichukua. Wazungu wakalichukua kutoka kwa Waarabu, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika, kwa sababu zile maiti za Misri zilizopakwa dawa nyeusi zilidhaniwa kuwa na kitu hichohicho, na maduka ya dawa ya Ulaya ya karne ya 16 na 17 yakawa yanauza unga wa maiti. Wanasaga, wanauza, watu wanakunywa. Siyo uvumi huo, ni biashara iliyoandikwa vitabuni. Msomaji, kaa na hilo kwanza kabla hatujafika kwa babu zetu "washirikina".

Pwani ya Afrika Mashariki dawa hiyo ilifika kwa majahazi, na pamoja na dawa likaja swali: inatengenezwa na nini? Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939, inaeleza mumiani kama dawa nyeusi mfano wa gundi, halafu inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini kabisa ni damu ya binadamu iliyoganda. Kumbe basi kabla ya kuwa mtu, mumiani alikuwa kitu. Baadaye ndiyo jina likamhamia anayekitafuta, yule anayetembea usiku na kukukinga damu.

Na anayekinga damu, katika simulizi za wakati wa ukoloni, hakuwa na meno marefu. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Dracula wa Bram Stoker, riwaya ya mwaka 1897, ni mtu mkubwa wa kale, ana ngome, ana joho. Mumiani wetu ana ajira. Nairobi na Kampala aliitwa mzimamoto, yaani alikuwa mfanyakazi wa zimamoto. Ana gari, ana sare, ana ndoo, ana sindano. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alikusanya simulizi hizi Kenya, Uganda na kwingineko, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 2000. Watu walimweleza juu ya mashimo ndani ya vituo vya zimamoto, magari yasiyowasha taa, wanaume waliokamatwa wakitoka kazini na wanawake waliofuatwa hadi vyumbani mwao. White hakuwauliza kama ni kweli. Aliuliza ni kwa nini simulizi hii, na siyo nyingine, ndiyo iliyofaa kuuelezea ukoloni. Peter Pels naye aliandika juu ya mumiani wa Uluguru, ambako sura yake ilikuwa ya Mzungu.

Ukifikiria kidogo, wala haishangazi. Utawala unakuja, unakutoza kodi ya kichwa, unakupeleka kazini, halafu siku moja daktari anakuja na vioo vidogo na kukuchoma kidole. Huku kwetu Serengeti kulikuwa na malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na kuupima kulihitaji damu. Damu inaondoka, inaingia kwenye sanduku, sanduku linaingia kwenye gari, gari linaondoka. Hurudishiwi majibu wala hupewi maelezo. Ungefikiri nini? Bibi yangu alikuwa na kauli moja kuhusu wapimaji wa zamani: walichukua bila kuomba, na waliandika bila kusoma kwa sauti. Hakuwahi kutumia neno mumiani mbele yangu, lakini mkono wake aliuficha kila alipoona koti jeupe, mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mzee wa benchi la mbele alikuwa na kanuni ya zamani kichwani: mumiani akionekana, piga yowe. Kwa asiyejua Mara, yowe siyo kelele tu. Likipigwa, mwanaume aliye shambani anaacha jembe na aliye kilabuni anaacha pombe, mnakimbilia linakotokea. Ng'ombe wameibiwa, simba kaingia boma, mtu kavamiwa. Usipokwenda, kesho utaulizwa. Ni mali nzuri ya jamii isiyokuwa na polisi karibu. Pia ni mali ya hatari, kwa sababu yowe halina muda wa kuuliza maswali.

Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliwasha ghasia zilizoishia kwenye kifo. James Brennan ameandika juu ya tukio hilo. Ulikuwa mwaka wa siasa, TANU imepamba moto, uhuru uko mlangoni. Unaweza kusema hayo ni ya enzi ya mkoloni, yamepita.

Hayajapita. Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao walivamiwa na wanakijiji, wakauawa, wakachomwa moto. Walikuwa kwenye kazi ya utafiti. Ilisemwa ni wanyonya damu. Yowe lilipigwa, na taarifa ikarushwa kwa kipaza sauti. Watu watatu. Mwaka uliofuata, Oktoba 2017, Malawi kusini, Mulanje na Phalombe, uvumi uleule wa wanyonya damu uliua watu, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya hizo.

Niliisoma habari ya Chamwino kwenye simu, nikiwa stendi, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, ni ile "mbona hapigi yowe?" na kicheko changu.

Halafu 2017 nikapata kibarua. Kuna jamaa walikuwa wanapima udongo vijijini na walihitaji mtu wa kubeba vifaa, anayejua Kiswahili na lugha ya nyumbani. Nilibeba ule mtambo wa chuma wa kuchimbia, unaozungushwa kama keekee, na mifuko midogo ya nailoni. Kijiji sikitaji. Tuliingia kwenye njia ya mifugo, watoto watatu wakatuona, wakasimama. Mmoja akaangalia kile chuma, akaangalia mifuko, akatamka lile neno polepole, siyo kwa kupiga kelele, kama mtu anayesoma herufi ubaoni. Mu-mi-a-ni. Halafu wakakimbia.

Hakuna kilichotokea. Nataka niseme hivyo mapema ili usisubiri. Kiongozi wetu alituambia tukae chini palepale, chini ya mti, tuweke vifaa vyote wazi, tusipige hata picha moja. Tulikaa karibu saa nzima. Nilisikiliza. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza siku ile: jogoo, pikipiki ya mbali, mwanamke anaita mtoto, na kila sauti ya mwanamke ilinipasua tumbo kwa sababu ingeweza kuwa ndiyo lile yowe. Mwishowe akaja mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili, tukasalimiana kwa kirefu, ukoo kwa ukoo, mpaka ikapatikana shangazi ambaye kaolewa upande wao. "Kumbe ni wewe, mura," akasema mzee mmoja. Nikawa mtu tena.

Edward Cullen hakuwahi kukaa chini ya mti ule. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki wanaosema Twilight ni upuuzi mtupu. Upuuzi upo, siukatai. Yule kijana anang'aa juani kama amepakwa pambo la Krismasi. Lakini angalia ilichofanya na historia ya mnyonya damu. Polidori mwaka 1819 alimfanya kuwa bwana mkubwa anayeharibu wasichana wa watu. Stoker alimfanya mgeni kutoka mashariki anayekuja London na masanduku yake ya udongo, hofu ya Mwingereza kwa mhamiaji. (Sina budi kusema: mwaka mmoja baada ya Dracula kutoka, Waingereza haohao wakijenga reli Tsavo, wafanyakazi wao waliliwa na simba wawili kwa miezi kadhaa, na vibarua wao wa Kihindi wakasema wale si simba, ni mizimu ya machifu wenye nchi wanaopinga reli.) Meyer akamfanya mnyonya damu kuwa mtu anayejizuia. Hamu anayo, nguvu anayo, na hali. Hilo si jambo dogo kwa kiumbe ambaye kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kuchukua. Mumiani wa kwetu hajawahi kupewa nafasi hiyo, kwa sababu hajawahi kuwa na moyo. Yeye ni gari na ndoo.

Hata hivyo kwenye banda letu aliyependwa siku zile hakuwa Edward. Walipoleta sinema ya pili, ile ya 2009, vijana wote tulikuwa upande wa Jacob. Mtu anayegeuka mnyama tulimwelewa bila mtafsiri. Kanda ya Ziwa yote ina simulizi za wachawi na fisi: fisi wanaofugwa, wanaopandwa usiku, wenye shanga shingoni, fisi ambaye ukimpiga mkuki usiku asubuhi jirani anachechemea. Usiku wa Morotonga fisi unawasikia kweli, mbuga haiko mbali, kwa hiyo simulizi haikosi sauti ya kuisindikiza. Singida, kati ya 1946 na 1948, ilifika mahakamani: watu-simba, mauaji yaliyofanywa yaonekane ni ya simba, na serikali ya mkoloni ikihangaika kujua inamshitaki mtu au mnyama. Malcolm Ruel, yule mwanaanthropolojia aliyeishi na Wakuria tangu miaka ya 1950 na kuandika juu ya mila zao, ndiye huyohuyo aliyeandika makala inayojulikana sana kuhusu watu wanaogeuka wanyama, ila ile aliiandika juu ya Wabanyang wa Kamerun. Huwa najiuliza angeandika nini kama angekaa benchi moja na sisi.

Na kwenye vitabu vyetu wapo. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, 1952, ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao, na ndugu yao mwema analazimika kuwachapa kila usiku huku roho inamuuma. Ukiisoma ukiwa na miaka kumi na mitano, asikwambie mtu, inatisha kuliko mbwa mwitu wa kompyuta.

Lakini Jacob ana jambo jingine, na hili nililijua baadaye sana. Waquileute ni watu wa kweli. Wapo, wanaishi La Push, kwenye pwani ya Pasifiki, kwenye eneo la takriban maili moja ya mraba. Simulizi yao ya asili inasema kweli wanatokana na mbwa mwitu, waliogeuzwa kuwa watu na mgeuzaji wa zamani. Yaani mwendo wake ni mnyama kuwa mtu, siyo mtu kuwa mnyama. Habari za kuwinda wanyonya damu hazimo. Hizo alizitia Meyer. Mwaka 1889, wenyewe wakiwa wamekwenda kuchuma mazao kwenye mashamba ya mbali, mlowezi mmoja alichoma kijiji chao, nyumba 26. Mwaka huohuo wakapewa kile kipande cha maili moja. Kisha mwaka 1938 pakatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Olympic, nao wakajikuta wamebanwa katikati ya hifadhi na bahari.

Unaona ninakoelekea.

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya, Ngorongoro ikatengwa. Mwaka huo huo ikatoka sinema, Serengeti Haitakufa, ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliokuwa wanahesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, kabla kazi haijaisha. Sinema ikapata tuzo ya Oscar. Dunia ikaijua Serengeti kwa macho ya ile ndege, na kutoka juu watu hawaonekani vizuri. Waikoma, Wanata, Waishenyi, watu waliokuwa na makaburi na vilima vya matambiko ndani ya eneo lile, wakawa wavamizi kwa jina jipya. Aliyekuwa mwindaji akawa jangili. Jan Bender Shetler, aliyekusanya simulizi za wazee wa huku, ameonyesha jinsi wazee walivyoweza kuitaja nchi nzima, kilima kwa kilima, chemchemi kwa chemchemi, ndani ya mipaka wasiyoruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo tulipokuwa tunamshangilia Jacob katika lile banda, tulikuwa tunamshangilia jirani wa hifadhi. Hatukujua. Naye kwenye sinema hakuonyeshwa akilalamikia mipaka. Alivuliwa shati akaambiwa akimbie msituni.

Waquileute wenyewe hawakukaa kimya. Watalii walianza kumiminika La Push wakitafuta mbwa mwitu, maduka yakauza nembo za kabila, na kabila likaingiza kidogo sana katika zile mamilioni. Mwaka 2010 wakashirikiana na makumbusho ya sanaa ya Seattle kuonyesha vinyago na vitu vyao vya kweli vya mbwa mwitu, na makumbusho ya Burke ikaweka mtandaoni maelezo ya tofauti kati ya ukweli na Twilight. Halafu Februari 2012 likatokea jambo ambalo mimi, kama mtoto wa Serengeti, nililisoma mara mbili: Rais Obama alisaini sheria iliyotoa ekari 785 za hifadhi ya taifa ya Olympic na kuwarudishia Waquileute, ili wahamishe shule na nyumba zao kwenda mahali pa juu, mbali na tsunami. Hifadhi ikapungua, watu wakaongezewa. Wengine wanasema umaarufu wa sinema ulisaidia macho ya wabunge kufika La Push. Inawezekana. Wao walikuwa wakiidai ardhi hiyo kwa miaka mingi kabla Bella hajahamia Forks.

Sisi sinema yetu ilifanya kinyume chake.

Nimewahi kuulizwa na msomaji wa blogu hii kwa nini Bongo hatuna Twilight yetu. Tunazo, ndugu yangu. Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, miaka ya mwanzo ya Bongo Movie. Shumileta ni habari ya jini wa kike anayempenda mwanadamu, na ilitoka 2005, mwaka uleule riwaya ya Meyer ilipochapishwa. Mtafiti Claudia Böhme ameonyesha jinsi ilivyochota kutoka sinema za Nigeria. Picha zake ni za kamera ya video ya kawaida, sauti inapanda na kushuka, na baadhi ya vitisho vinachekesha. Lakini swali lake ni lilelile, je, kiumbe kinachokudhuru kinaweza kukupenda, na jibu lake ni kali kuliko la Meyer. Kwa pwani yetu jini kupenda mtu siyo jambo la ajabu. Ni jambo la gharama.

Na kabla ya kamera kuna Waikizu, majirani zetu wa upande wa Bunda. Simulizi ya mwanzo wao ni ya mwanaume mwindaji, Isamongo, aliyekuwa na moto, na mwanamke Nyakinywa, aliyekuja kutoka upande wa Usukuma akiwa na mvua. Kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa sababu ana nguvu asiyoielewa. Wanashindana, wanaonyeshana siri zao, mwishowe wanakaa pamoja na mwanamke anakuwa mtawala. Hakuna anayempiga mwenzake yowe. Sikuwahi kusimuliwa hadithi hii nikiwa mtoto. Niliikuta kwenye kitabu, mtu mzima tayari, na nikaona haya kidogo.

Mwezi uliopita nilikuwa Morotonga tena. Binamu yangu sasa ana binti wa miaka kumi na mitatu, na binti ameipata Twilight kwenye simu ya mama yake, safari hii bila mtafsiri, na maandishi ya Kiingereza chini. Tulikaa kibarazani. Mama yake alikuwa anachambua mboga na kujifanya hatazami. Ikafika pale msituni. Bella akasema neno lake.

"Mjomba, hilo neno kwa Kiswahili ni nini?"

Nikamtazama mama yake. Alikuwa ameacha mboga.

"Mnyonya damu," nikasema.

"Si ndiyo mumiani?"

"Hapana," nikasema. "Mumiani ni habari nyingine."

"Habari gani?"

Nikaanza kumweleza, nikaanzia kwenye ile dawa nyeusi, na majahazi. Alinisikiliza kwa dakika kama tano hivi, kwa heshima, kisha akaomba kama naweza kuendelea baadaye, maana chaji ilikuwa imebaki asilimia nane na alitaka kuona kama kijana atamng'ata.